Msijenge Wodi Kwanza, Nunueni Petroli

Maneno haya niliyasema mbele ya wafanyabiashara wa soko letu hapa Busia, upande wa Uganda, siku waliyokusanyika kuchangia afya ya watoto. Waliokosa kufika wameniomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila pale malori yalipopiga honi nimeruka, maana hata mimi mwenyewe sikujisikia.

Mzee mwenyekiti wa soko, mwenyekiti wetu wa LC, yaani baraza la mtaa, baba Sheikh, Mchungaji, mama zangu wa nyanya na wa dagaa, vijana wa boda, na ninyi wenzetu wa baiskeli za magurudumu matatu mnaovusha mizigo mpaka jua linazama: nawasalimu nyote. Wakubwa shikamooni. Wadogo hamjambo.

Kiswahili changu mnakijua, ni cha mpakani. Nusu nimekiokota sokoni, nusu nimekipata kwa wake za wanajeshi niliowazalisha. Kwa hiyo nikikosea msinisahihishe katikati ya sentensi, mtanipoteza njia.

Nimeitwa niwashawishi mchange. Kadi ya mwaliko inasema lengo la leo ni shilingi milioni 60 za Uganda, za kujenga wodi mpya ya watoto katika kituo chetu cha afya, yenye vigae, na ukutani jiwe lenye majina ya waliotoa. Mzee mwenyekiti, utanisamehe. Wewe ni kaka yangu, tumekaa jamvi moja kwenye misiba mingi. Nitawaomba hawa watu watoe, tena watoe hasa. Lakini si kwa wodi, walau si kwanza. Niacheni nieleze, na mkiona nimepotoka mnipokonye kipaza sauti.

Mwaka 1998 nilikuwa muuguzi kijana katika kituo kimoja, jina lake tuliache. Jengo lilikuwa zuri kuliko hili la kwetu. Wahisani wa ng'ambo walikuwa wamelijenga, na jiwe la majina lilikuwepo, tulilifuta vumbi kila asubuhi. Chumba cha nyuma kulikuwa na friji ya chanjo, ile ya zamani inayotumia mtungi wa gesi. Siku ya chanjo ilikuwa Jumatano. Jumatano moja akina mama wakaja zaidi ya 40, wamekaa kwenye nyasi, watoto wanalia, wengine wananyonya. Nikafungua friji. Badala ya ubaridi, uso wangu ukapigwa na joto.

Gesi ilikuwa imeisha, sijui Ijumaa, sijui Jumapili. Mtungi wa akiba mtupu. Gari la kuleta mitungi lilikuwepo makao makuu, halina mafuta.

Sasa niwaonyeshe kitu. Hiki nilichoshika ni kichupa kitupu cha chanjo ya polio. Walio mbele mtakiona, walio nyuma mtaniamini. Kwenye lebo kuna duara dogo lenye rangi, na ndani ya duara kuna mraba mweupe. Chanjo ikikaa kwenye joto, ule mraba unaanza kukolea, pole pole, haurudi nyuma. Ukifikia rangi ya duara, chanjo imekufa, itupe. Siku ile niligeuza kichupa cha kwanza, cha pili, cha tatu, nikamaliza trei nzima. Miraba yote ilikuwa imekolea kuliko maduara.

Nikasimama mlangoni na kimoja mkononi, nawatazama wale mama. Mmoja namkumbuka mpaka leo, alikuwa ametoka kwao kabla ya jua, kavuka kinamasi, gauni limelowa mpaka magotini. Nikawaambia rudini wiki ijayo. Wiki iliyofuata wakarudi 19. Wale wengine sikuwalaumu. Ningekuwa mimi, nimepoteza siku ya palizi kwa sindano isiyokuwepo, ningerudi? Miezi michache baadaye surua ikaingia vijiji vile. Habari ya makaburi sitaisema hapa, wapo kina mama humu ambao ni ya kwao.

Jengo lilikuwepo siku ile, mzee mwenyekiti. Kilichokosekana ni gesi.

Tangu siku hiyo nikiona mchango wa kuokoa watoto, swali langu ni moja tu: utafika lini, na mwezi ujao utafika tena? Hayo mengine mimi hayanishughulishi sana.

Watoto wetu wanakufa na nini? Hakuna muuaji mgeni. Malaria, nimonia, kuhara, na matatizo ya siku za kwanza: mtoto kazaliwa njiti, kashindwa kupumua, kaingiwa na maambukizi kabla kitovu hakijakauka. Njaa nayo husimama pembeni ikiwashika mikono ili hao wengine wapige. Yote haya yana dawa au kinga tunayoijua, na nyingi ni za bei ya chini.

Nitawapa hesabu chache. Nitazisema kwa watoto 20, si kwa asilimia, kwa sababu watoto mnawaona. Panga watoto 20 waliozaliwa hai Uganda mwanzoni mwa miaka ya 2000. Utafiti wa kaya uliofanywa 2000 na 2001 ulionyesha kwamba katika kila 1,000 zaidi ya 150 hawakufika miaka mitano. Yaani katika foleni yetu ya 20, watatu wanatoka. Mwaka 2016 walikuwa 64 katika 1,000. Mwaka 2022 wakawa 52, yaani katika 20 anatoka mmoja. Nimefanya kazi katika miaka yote hiyo, na mabadiliko hayo niliyaona kwa macho kabla sijayaona kwenye takwimu. Kulikuwa na miaka wodi yetu ililaza watoto watatu kitanda kimoja na wengine chini. Siku moja nikaingia zamu nikakuta kitanda kitupu, nikadhani kuna maiti imetolewa. Kumbe hakuna mgonjwa tu.

Dunia nzima ni hivyo hivyo. Mwaka 1990 watoto zaidi ya milioni 12 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa milioni 4.9. Bado ni wengi mno, lakini hakuna mtu aliyezaliwa kabla yetu aliyewahi kuona vifo vya watoto vikishuka namna hiyo.

Sehemu ya kazi hiyo tuliifanya wenyewe. Ada za hospitali za serikali zilifutwa 2001, na mama akaacha kusubiri mtoto azimie ndipo amlete. Wasichana wakasoma. Lakini tusijidanganye, sehemu kubwa ya vifaa imelipiwa na watu tusiowajua. Mwaka 2000 uliundwa mfuko wa chanjo unaoitwa Gavi, na fedha kubwa ya kuanzia, dola milioni 750, ilitoka kwa taasisi ya Bill na Melinda Gates. Mwaka 2002 sisi tukaanza kuchoma ile sindano ya kinga tano kwa mpigo. Mwaka 2013 ikaja chanjo ya nimonia, 2018 chanjo ya matone ya kuzuia kuhara. Serikali yetu inachangia sehemu ya gharama, hilo nalo lisemwe, kodi yenu ya forodha pale getini haiendi yote kwenye magari makubwa. Ila bila ule mfuko tusingezipata kwa wakati ule.

Na neti. Hapa nataka nikae kidogo.

Kuna Mwingereza mmoja, Rob Mather. Mwaka 2003 aliona kwenye televisheni habari za mtoto wa kike aliyeungua vibaya kwenye moto wa nyumba, akaanzisha mchango wa watu kuogelea ili kumsaidia. Mchango ukakua kuliko alivyotarajia, akajiuliza kama wanaweza kuogelea kwa ajili ya mtoto mmoja, kwa nini wasiogelee kwa ajili ya malaria. Huo ndio mwanzo wa Against Malaria Foundation, shirika lililokuja kulipia mamilioni ya neti zilizogawiwa hapa Uganda. Neti moja ni kama dola 2. Hizo ni rolex, zile chapati zetu za mayai, mbili tatu na soda.

Mtoto yule wa kwanza watu walimjua sura na jina. Mtoto wa neti hana sura. Wataalamu walipima: ukiwalaza watoto 1,000 ndani ya neti zenye dawa, kila mwaka unaokoa maisha ya watoto kama watano au sita. Haya, niambieni ni watano gani. Hamwezi. Mama yao hawezi. Mtoto mwenyewe hawezi. Yupo kijana humu ndani leo anayeuza vocha, ana ndevu, anajisumbua na mapenzi, ambaye angekuwa kaburini tangu akiwa na miaka miwili kama si neti iliyolipiwa na mwanafunzi fulani wa London aliyetoa paundi zake kumi. Huyo kijana hajui. Yule mwanafunzi hajui. Hakuna picha yao pamoja. Hakuna atakayekwenda kumshukuru mwenzake.

Ndiyo maana mchango wa namna hii ni mgumu kuuomba. Mtu akinyanyua mtoto mgonjwa hapa mbele mtatoa, nawajua, mna huruma. Mkiona jengo mtatoa, kwa sababu mtapita na mgeni wenu mseme lile pale tulijenga sisi. Lakini nikiwaambia toeni ili jambo lisitokee, halafu lisipotokea hakuna atakayejua kwamba ni ninyi, mnaniangalia kama namuuzia samaki mtu wa Majanji, kule ziwani kwa wavuvi.

Na kabla hamjacheka, najua neti nyingine zilifika ziwani zikaanika dagaa. Nyingine zimezungushiwa mabanda ya kuku, nimeziona, nyumba ninaijua na mwenye nyumba yuko hapa anatazama chini. Wengi lakini walizilalia. Mtu asitumie kuku wa jirani kama sababu ya kufunga mkono.

Sasa tuingie kwenye lile neno langu la "utafika tena". Mnaijua Apac, wilaya ya kule Lango, kaskazini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walipima mbu wa Apac wakakuta mtu mmoja anaumwa na mbu wenye malaria zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka. Gawanyeni wenyewe, ni mara nne kila usiku na zaidi. Wilaya za kaskazini, Apac ikiwamo, zikapata mradi wa kupuliza dawa ukutani kwa fedha za Marekani. Malaria ikashuka, wodi zikapumua. Mwaka 2014 upulizaji ukasimamishwa kule, ukahamishiwa wilaya nyingine, zikiwemo za huku mashariki kama jirani zetu wa Tororo. Mwaka 2015 malaria ikarudi kaskazini kwa kishindo. Na ikarudi mbaya, kwa sababu watoto waliokua bila malaria hawakuwa na ukinzani wowote mwilini. Mbu alikuwa anasubiri tu mradi uishe.

Mbu hana habari na mwaka wa fedha wa mtu.

Halafu 2025. Januari Marekani ikafungia misaada yake ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai shirika lao la USAID likafungwa kabisa. Mliona wenyewe vijana waliokuwa wakilipwa na miradi wakirudi nyumbani na mabegi yao ya nembo. Mwaka huo huo, tarehe 2 Aprili, chanjo ya malaria ikazinduliwa Uganda, na wakachagua kuizindulia Apac. Nililia mbele ya redio, mjukuu wangu akauliza nani kafa. Ni dozi nne: miezi 6, miezi 7, miezi 8, na ya mwisho miezi 18. Dozi moja ni chini ya dola 4. Mkono mmoja ulifunga na mwingine ukafungua, mwaka mmoja, nchi moja.

Hiyo dozi ya miezi 18 iwekeni kichwani, nitairudia.

Wapo wanaosema, na nimewasikia hata kwenye kamati, kwamba tumezidi kuomba, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali naiheshimu. Ila kwenye chanjo na neti siikubali ikitumika kama ilivyo, kwa sababu mtoto wa miezi saba hajategemea cha mtu yeyote. Yeye hajui hata kama kuna bajeti. Tena wanaotoa si wazungu matajiri peke yao, hilo ni kosa letu la siku zote.

Mwaka 1971 vita ilipiga Bangladesh, wakimbizi wakavuka kuingia India, kipindupindu kikawaingia kambini. Daktari mmoja wa Kihindi, Dilip Mahalanabis, alikuwa mji wa mpakani unaoitwa Bangaon. Mpakani kama hapa. Dripu zikaisha. Wagonjwa wako sakafuni, yeye na wenzake wanapiga magoti kwenye matapishi. Akaamua kuchanganya chumvi, sukari na maji kwenye mapipa, akawapa ndugu za wagonjwa wanyweshe wenyewe kwa kikombe. Walikuwa wanakufa kama 30 katika 100. Wakawa chini ya 4.

Njoo mama, niletee ile chupa. Hii ni chupa ya maji safi ya lita moja, nimeyachemsha jana. Hiki ni kijiko cha chai. Sukari, vijiko sita, na kila kimoja nakisawazisha kwa kisu hivi, sitaki kilima juu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Chumvi nusu kijiko, nacho nimekisawazisha. Hapo kwenye chumvi msiwe na mkono wa pilau! Chumvi ikizidi unamdhuru mtoto. Natikisa. Sheikh, onja. Yawe na ladha ya machozi, yasizidi hapo. Pakiti ya ORS, mchanganyiko kama huu uliopimwa tayari, ya dukani au ya kituoni ni bora kuliko hii, na pamoja nayo mtoto apewe zinki siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Lakini usiku wa mvua, boda hakuna, hii chupa itamfikisha asubuhi. Na maziwa ya mama yaendelee, msimnyime.

Bangladesh ile ile iliyokuwa na njaa ikazaa shirika linaitwa BRAC, mwaka 1972. Katika miaka ya 1980 walipita nyumba kwa nyumba, mamilioni ya nyumba, wakiwafundisha akina mama kuchanganya maji kama nilivyofanya sasa hivi. Mwaka 2006 BRAC wakaja Uganda. Wao na wenzao wa shirika la Living Goods wakafundisha wanawake wa vijijini, watu kama mama Zaina wetu wa VHT, timu ya afya ya kijiji, pale, wapite nyumba kwa nyumba: wamwone mjamzito, wamwone mtoto mchanga, wauze dawa ya malaria na ORS na zinki kwa bei ya chini. Kati ya 2011 na 2013 wakapima vijiji 214 katika wilaya 10, kama nusu vina wanawake hao, vingine havina. Penye wale wanawake, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 27. Hapakuwa na jengo hata moja. Mama mmoja, mkoba, na miguu yake.

Na kama mnataka mtu wa kwetu kabisa, marehemu Sam Owori alikuwa wa hapo Tororo. Alichaguliwa kuongoza Rotary, ule umoja wa klabu za watu wanaojitolea, ya dunia nzima, Mganda wa kwanza, akafariki Julai 2017 kabla ya zamu yake kuanza. Wana-Rotary walianza na polio Ufilipino 1979, wakaitangazia dunia kampeni 1985, na Afrika ikatangazwa kuwa huru na polio ya asili Agosti 2020. Miaka 35 ya kuchangia ugonjwa mmoja, wengine wanaingia wengine wanakufa, chombo kinapitishwa mezani kila wiki. Nilipokuwa na vile vichupa vilivyoharibika, watu hao walikuwa bado wanachanga, na wiki iliyofuata chanjo ikawepo.

Hawa watoto wachanga nisiwapite. Katika wale 52 wanaotutoka, 22 wanatoka ndani ya siku 28 za kwanza. Hapo ndipo tunapoenda taratibu. Mtoto njiti anahitaji joto, na watu wakisikia joto wanafikiria mashine. Madaktari wa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 walikosa mashine za kutosha wakawafunga watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakaona wanaishi. Kinachohitajika ni kanga na muuguzi mwenye muda wa kumwelekeza mama, na baba pia, kifua cha baba kina joto vile vile. Kanga ninyi mnazo, mama Aisha ana duka zima.

Sasa habari ya wizi, maana najua mnaifikiria na mnaona haya kuisema mbele ya wakubwa. Agosti 2005 Mfuko wa Dunia wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulisimamisha fedha zake zote kwa Uganda kwa sababu zilitumiwa vibaya. Ikaundwa tume ya Jaji James Ogoola, mambo yakasikika redioni wiki baada ya wiki, tukawa tunasikiliza huku tunachoma sindano. Nilikuwa na hasira mbili: moja kwa walioila, na ya pili kwamba adhabu ilimfika mgonjwa kabla haijamfika mwizi. Kwa hiyo sitawaomba mniamini kwa sababu nina mvi. Daftari litakaa sokoni, kwenye kibanda cha mweka hazina, si kituoni na si nyumbani kwangu. Anayetaka kulisoma alisome, hata kama hakutoa kitu.

Ombi langu ni hili. Kituo chetu kina friji ya sola siku hizi, inafanya kazi, Mungu aibariki. Chanjo zipo. Kinachokwama ni kuzitoa pale kuzipeleka vijijini. Muuguzi anafunga sanduku la baridi na barafu zake, anasubiri pikipiki, pikipiki haina mafuta, barafu inayeyuka, anarudisha chanjo kwenye friji. Mama wa kule kwenye kinamasi aliyeleta mtoto miezi 6, 7 na 8, je, ataacha shamba miezi 18 alete mtoto anayekimbia, asiyeumwa, kwa dozi ya nne? Wachache watakuja. Wengi tutawafuata, au dozi itawapita.

Nimepiga hesabu. Safari nne kwa mwezi, lita tano kila safari, ni lita 20. Na Busia, jamani, hatujawahi kuwa na uhaba wa petroli, tusiulizane inapitia wapi. Kwa bei halali ya kituo cha mafuta ni kama laki moja na elfu kumi kwa mwezi. Ongezeni chakula cha mchana cha wauguzi wawili, mabuti ya mpira na mwavuli kwa kila VHT, pakiti za ORS na zinki za akiba kwa siku ambazo stoo ni tupu. Hata mkiongeza hayo yote, milioni 60 za wodi zinaendesha kazi hii miaka 20. Tukipata milioni 10 tu leo tumeanza. Lakini zaidi ya hizo za leo nataka ahadi ya kila mwezi: meza ya nyanya elfu moja, duka la jumla elfu ishirini, boda wakipenda watoe safari badala ya hela. Wodi tutaijenga, mzee mwenyekiti. Tukifika mwaka wa tatu bila mwezi hata mmoja uliorukwa, mimi mwenyewe nitabeba tofali la kwanza.

Na jiwe la majina halitakuwepo. Hilo najua litapunguza bahasha, nimeona nyuso mbili zimebadilika.

Safari ya kwanza ni Jumanne, saa moja asubuhi, kuelekea upande wa ziwa. Kuna watoto 31 kwenye orodha ya muuguzi, kumi kati yao ni wa dozi ya nne. Dereva yupo, sanduku la baridi lipo. Lita tano hazijapatikana. Mweka hazina yuko pale chini ya mwembe na daftari, na naona Sheikh ameshasimama, chupa yangu bado anayo mkononi.